Magdalena Mtubu: kabla ya kusema toba ilikuwa kisingizio

Magdalena Mtubu ni aina ya picha: Maria Magdalena yuko peke yake, analia au anatafakari, na karibu yake kuna fuvu, msalaba au chupa ya marhamu. Basi, maana yenyewe ndiyo hiyo. Kinachoniudhi ni ile hukumu inayotolewa kila picha hizi zinapotajwa, kwamba wachoraji wa Baroko (mtindo wa sanaa ya Ulaya ulioanza mwishoni mwa karne ya 16) walitaka kuchora mwili wa mwanamke, toba wakaibandika juu.

Na ushahidi wa wanaosema hivyo karibu kila mara ni picha ya Tiziano, mchoraji wa Venisi, iliyoko katika jumba la Palazzo Pitti, Florence: nywele za dhahabu zimemwagika mwilini, matiti wazi, macho mbinguni. Jamani, hiyo ni ya miaka ya 1530. Ni Renesansi, kipindi cha kabla ya Baroko, tena ilitangulia Mtaguso wa Trento (1545–1563), mkutano mkuu wa maaskofu wa Kanisa Katoliki, na mtaguso huo ndio uliogeuza mambo. Waprotestanti walikuwa wamekataa kwamba kitubio, yaani kuungama dhambi kwa padri, ni sakramenti. Trento ikakithibitisha mwaka 1551, kisha Desemba 1563 ikaagiza picha takatifu zisichorwe kwa uzuri wa kuamsha tamaa. Hapo watubu kama Magdalena, Petro na Yeronimo wakawa mahubiri ya rangi, na mchoraji akabaki na kazi ngumu: aonyeshe anasa inayoachwa bila kumtamanisha anayetazama. Wapo walioshindwa, na wapo ambao hata hawakujaribu. Hilo sibishi.

Lakini mtazame Magdalena wa Caravaggio, mchoraji Mwitaliano wa Baroko, wa miaka ya 1590, pale kwenye jumba la sanaa la Doria Pamphilj, Roma. Kavaa gauni zito la maua. Kakaa kwenye kiti kifupi, shingo imelegea, mikono mapajani, na chozi moja limegota ubavuni mwa pua. Vito viko sakafuni, lulu zimekatika uzi. Mwaka 1672 Bellori, mwandishi wa maisha ya wachoraji, alinung'unika kwamba huyu ni msichana tu anayekausha nywele, akaongezewa chupa na mapambo ndipo akaitwa Magdalena. Alimwona wa kawaida mno. Uchi hakuutaja, maana haupo.

Halafu kuna hilo la kumwita Magdalena "kahaba". Luka 8:2 inasema alitokwa na pepo saba, hakuna zaidi. Mwanamke mwenye dhambi wa Luka 7, aliyempaka Yesu marhamu miguuni, hakutajwa jina. Aliyewaunganisha ni Papa Gregori Mkuu, katika mahubiri ya mwaka 591, na wachoraji wetu walimchora huyo wa Gregori. Makanisa ya Mashariki hayakuwahi kuwachanganya, na Kanisa Katoliki liliwatenganisha katika kalenda ya 1969.

Kwa hiyo mkitaka mfano wa Baroko, wekeni huyo wa Caravaggio, au wale wa mchoraji Mfaransa Georges de La Tour wanaokesha na fuvu kwa mwanga wa moto mmoja. Wa Tiziano naye mzungumzeni, ila kwenye mada ya Renesansi.