Mkarafuu hauli udongo

Husikika sana mashambani Pemba kwamba mkarafuu hujenga shina lake kwa kula udongo. Sivyo. Udongo hutoa maji na madini, ambayo ni ya lazima ingawa madini ni sehemu ndogo ya uzito mkavu wa mti. Kaboni ya mbao, na hata ya yujenoli inayoipa karafuu harufu yake, hutoka katika kaboni dayoksaidi ya hewani inayoingia kupitia vitundu vya majani. Melvin Calvin, aliyefundisha na kutafiti Berkeley, Marekani, tangu 1937, aliifuatilia njia ya kaboni hiyo hadi kuwa sukari, pamoja na wenzake, kwa kaboni-14 (aina ya kaboni yenye mnururisho, inayoweza kufuatiliwa), kazi ya subira ninayoistahi mno, iliyompatia Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1961. Kwa hiyo anayevunja matawi ovyo wakati wa kuchuma karafuu huupunguzia mti majani yanayoulisha.