Ganzi Isiyoisha Si ya Kiti: Maswali na Majibu Kuhusu Kiti cha Ofisi na Kiuno

Nafanya kazi ya fiziotherapia, na wagonjwa wangu wengi wa kiuno ni watu wa mezani. Wanakuja na picha za viti kwenye simu, wakitaka niwachagulie. Nitajibu maswali yao ya kiti, kisha nitafika kwenye lile ambalo wengi hawaliulizi mpaka wakati umeshapita.

Kiti ambacho kikalio na egemeo vinatembea pamoja ni kipi?

Ni kiti ambacho ukijiegemeza nyuma, egemeo linalala na kikalio nacho kinashuka kidogo upande wa nyuma. Viwili hivyo vimeunganishwa chini kwa springi na vyuma, lakini havishuki sawa. Uwiano uliozoeleka ni mbili kwa moja: egemeo likilala nyuzi 20, kikalio kinainama nyuzi 10. Tofauti inayobaki, zile nyuzi 10, ndiyo inayofungua pembe kati ya kiwiliwili na mapaja. Kiuno kinapata nafuu hapo.

Kwa nini visiachwe vitembee kila kimoja kivyake?

Vipo viti vya namna hiyo. Egemeo likilala peke yake, makalio yanateleza kuelekea mbele. Tena bawaba ya egemeo huwa iko chini na nyuma ya kiungo cha nyonga, kwa hiyo mgongo wako na egemeo havifuati njia moja. Utaona shati linachomoka kwenye suruali kila ukiegemea. Ile nundu ya kushikilia kiuno inakuwa imeshahama, inakusukuma mahali pengine kabisa.

Vingine vinalala vyote kama kipande kimoja. Hapo pembe ya nyonga haifunguki hata kidogo, ukingo wa mbele unapanda, nyayo zinaacha sakafu, na mapaja yanabanwa kwa chini. Mbunifu anayejua kazi yake husogeza mhimili wa kikalio mbele, karibu na magoti, ili ukingo usipande, na hulifanya egemeo lizunguke karibu na usawa wa nyonga ya mkaaji. Katika baadhi ya viti kikalio kinasogea mbele kidogo unapoegemea, mikono isiende mbali na kibodi.

Lakini tulifundishwa kukaa wima, magoti nyuzi 90, nyonga nyuzi 90.

Ndiyo, na picha hiyo imebandikwa ofisi nyingi. Mwaka 1953, daktari wa Marekani J. J. Keegan alipiga eksirei za watu wakiwa katika mikao mbalimbali, na zilionyesha kuwa mtu akikunja nyonga nyuzi 90, fupanyonga linabinuka nyuma na mkunjo wa asili wa kiuno unanyooka. Baadaye, katika miaka ya 1960 na 1970, Alf Nachemson na wenzake nchini Uswidi walipima shinikizo ndani ya diski, yaani vile vipande laini vilivyo kati ya pingili za mgongo, za watu walio hai kwa kutumia sindano. Waliona kuwa egemeo likilala kidogo na kiuno kikashikiliwa, shinikizo linapungua, kwa kuwa sehemu ya uzito wa mwili inabebwa na egemeo.

Kukaa wima hakuna ubaya. Ubaya ni kukaa wima kuanzia asubuhi hadi mchana bila kujisogeza. Diski ya mtu mzima haina mishipa ya damu ya kuilisha kwa ndani, chakula chake hupenya taratibu kutoka kwenye pingili, na misuli iliyokazwa kwa saa kadhaa huchoka na kuuma. Mkao wowote ukikaa nao mno utakuumiza, hata huo uliochorwa ukutani.

Nina kiti cha namna hiyo na bado kiuno kinauma. Kwa nini?

Kwa sababu umekifunga. Samahani kwa kukisia, lakini hukisia hivyo kila mara na mara chache hukosea. Chini ya kikalio kuna mkono mdogo wa kufungia egemeo lisilale. Watu wakinitumia picha ya sehemu ile, mara nyingi mkono uko kwenye kufunga na una vumbi. Kirungu cha kukaza springi hakijawahi kuzungushwa, wakati mwingine bado kina nailoni ya kiwandani. Umenunua kiti kinachotembea, kisha ukakizuia kisitembee.

Kifungue. Halafu kaa na uzungushe kile kirungu mpaka ukijisukuma kidogo egemeo linalala, ukiacha kusukuma linabaki ulipo, na ukitaka kurudi linakufuata. Springi ikiwa ngumu mno kwa mtu mwepesi, egemeo halitalala. Ikiwa laini mno kwa mtu mzito, atahisi anaanguka chali, na hapo ndipo anapofunga asifungue tena.

Mengine ni mafupi. Nyayo zikanyage sakafu zote. Kati ya ukingo wa kikalio na nyuma ya goti pabaki nafasi ya vidole viwili au vitatu. Nundu ya egemeo ikae usawa wa mkanda wa suruali. Pochi itoke mfuko wa nyuma. Na kompyuta isogezwe karibu, maana ukiegemea huku shingo imenyooshwa mbele kama unachungulia dirishani, umehamisha maumivu tu.

Nikiongeza mto wa kukalia je?

Mto mnene unakuinua. Nyonga inakuwa juu ya mahali ilipokusudiwa, nundu ya kiuno inabaki chini usawa wa makalio, na ule uwiano niliouelezea unapotea. Toa mto kwanza, rekebisha kiti, ndipo useme hakifai.

Nikikaa muda mrefu mguu unakufa ganzi. Ninunue kiti laini zaidi?

Hapa naomba usome polepole. Ganzi inayoletwa na kiti ipo: ukingo unabana paja, neva inaminywa. Hiyo ukisimama na kutembea dakika chache inaisha yote, unabaki na kuwashwawashwa kidogo kisha basi. Ganzi isiyoisha ukisimama si ya kiti. Inayokuamsha usiku kitandani si ya kiti, kwa sababu kitandani hakuna kiti. Inayoshuka kutoka kiunoni au makalioni, ikapita nyuma ya paja hadi kwenye unyayo au kidole gumba, kwa kawaida inatoka kwenye neva iliyobanwa kule kiunoni, mara nyingi na diski iliyotokeza. Nenda hospitali.

Kiti kipya kinafika wiki ijayo. Si nisubiri nione?

Hapana. Hili ndilo linalonichosha. Mtu anapata ganzi mguuni, anabadilisha kiti. Haijaisha, ananunua mto. Haijaisha, anafunga mkanda wa kiuno, anakwenda kukandwa na mtu anayemkanyaga mgongo, anameza dawa za maumivu za jirani. Miezi inapita. Anapofika kwangu namwomba atembee kwa visigino, na unyayo mmoja unashuka wenyewe. Nikimwomba avue kiatu nakuta soli imelika mbele upande mmoja tu, kwa sababu amekuwa akiburuza mguu na hakujua. Hakuna kiti cha kurekebisha hilo. Neva iliyobanwa muda mrefu inaweza isirudi kama ilivyokuwa hata baada ya upasuaji.

Jipime leo: tembea hatua chache kwa visigino, kisha simama kwa ncha za vidole kwa mguu mmoja mmoja, ukishika ukuta. Upande mmoja ukishindwa kile ambacho mwenzake anakiweza, ni siku ya kwenda hospitali, siku hiyohiyo. Ukifaulu lakini ganzi ipo, bado unakwenda. Kipimo hiki hakimruhusu mtu mwenye ganzi kubaki nyumbani.

Maumivu yamepungua sana, imebaki ganzi tu. Si ninapona?

Si lazima, na inaweza kuwa kinyume chake. Neva inayoumia hupiga kelele, ikizidiwa huweza kunyamaza. Maumivu yakipungua huku ganzi ikipanuka au mguu ukizidi kulegea, hali inaharibika. Nimewasikia wengi wakisema "namshukuru Mungu, imeacha kuuma", na hawawezi kuinua kidole gumba cha mguu. Usiipime neva kwa maumivu, pima kwa nguvu na kwa hisia.

Ganzi yangu iko makalioni na katikati ya mapaja, pale panapogusa kiti. Hiyo bila shaka ni ya kiti?

Hiyo ndiyo inayodanganya kuliko zote. Kama umesimama na kutembea na imebaki, usiseme kiti. Jiulize: nikijisafisha chooni sihisi tena kama zamani? Mkojo unatoka kwa shida, au kibofu kimejaa na sihisi haja? Mkojo unanitoka bila kujua? Choo kinanitoka bila kujua? Sehemu za siri zimepoteza hisia? Miguu yote miwili imelegea? Jibu likiwa ndiyo hata kwa moja, hasa ukiwa na maumivu ya kiuno, hiyo ni dharura. Kifungu cha neva cha mwisho wa uti wa mgongo kinabanwa, na upasuaji unahesabiwa kwa saa. Usisubiri kuche. Usisubiri Jumatatu. Usije kwangu wala kwa mkandaji, nenda moja kwa moja kitengo cha dharura hata kama ni saa nane za usiku.

Na mimi ninayeumwa kiuno tu, bila ganzi, bila udhaifu?

Wewe ndiye kiti kinaweza kukusaidia. Maumivu mengi ya namna hii hupungua ndani ya wiki chache ukiendelea na shughuli zako. Kulala kitandani siku nzima kunayarefusha. Fungua kiti, badilisha mkao mara kwa mara, simama kila baada ya nusu saa au zaidi kidogo, ongea na simu ukiwa umesimama. Yakipita wiki sita, au yakija pamoja na homa au kukonda bila sababu, mwone daktari.

Nikifika hospitali niseme nini?

Usianze na habari za kiti, utaishia kushauriwa kuhusu kiti. Sema: ganzi ilianza lini, mguu upi, inafika kidole kipi, inaongezeka au imesimama, nini unashindwa kufanya. Haja ndogo na haja kubwa zitaje mwenyewe, usisubiri kuulizwa. Wanaume wengi hukaa kimya hapo mpaka mke aliyewasindikiza aseme. Ukipigwa eksirei ukaambiwa mifupa iko sawa, jua kuwa eksirei haionyeshi diski wala neva. Kama ganzi au udhaifu upo, uliza kama unahitaji picha ya MRI na upimwe nguvu za miguu kwa mkono wa daktari, kidole kwa kidole, kabla hujaondoka.