Leta jiwe, lakini leta na mahali lilipotoka

Wiki iliyopita kaka mmoja alikuja kwenye idara yetu ya jiolojia chuoni na mawe mawili yaliyofungwa kwenye leso. Alipanda daladala kutoka Mbagala, akatembea juani mpaka getini, akamwomba mlinzi amwelekeze kwa "watu wa madini". Mawe aliyapata akichimba shimo la choo, kina cha mita moja na nusu. Akayaweka mezani kwangu taratibu, kama mtu anayepanga mayai.

"Shikamoo Dokta. Naomba uniambie ukweli. Nisimamishe ujenzi?"

Ni mtu wa sita kuniuliza hivyo tangu muhula uanze. Mmoja wao alikuwa ameshauza pikipiki ili alipe vibarua wa kuchimba. Ndiyo maana naandika kuhusu dhana potofu ninazozisikia kila siku.

"Jiwe linang'aa, basi chini kuna mali." Dhana hii inanichosha kuliko zote kwa sababu inakula fedha za watu wasio nazo. Mawe ya yule kaka yalikuwa ya mwamba uitwao naisi: mistari myeusi na myeupe, na katikati vipande vya madini ya ulanga vinavyometa kama magamba ya samaki. Dar es Salaam mwamba wa aina hiyo uko chini sana, umefunikwa na matabaka manene ya mchanga, udongo na chokaa, wala huufikii kwa sululu. Naisi unayoiokota mitaani imekuja kwa lori. Ni kokoto, na kokoto nyingi za mji huu zinapondwa Lugoba, upande wa Chalinze.

Nikamuuliza kama kiwanja kiliwahi kujengwa. Akanyamaza kidogo, kisha akakumbuka: marehemu baba yake alianza msingi pale, fedha zikakata, kokoto zilizobaki zikafukiwa. Tukawa tumemaliza.

Sasa angalia kilichotoa jibu. Jiwe lenyewe lilisema tu kwamba ni naisi. Jibu lilitoka kwenye mtaa, kina cha shimo na historia ya kiwanja. Jiwe hilohilo lingebanduliwa kwenye mwamba wa milima ya Uluguru, ningekaa nalo mchana kutwa. Watu wanadhani mjiolojia akilishika jiwe anaona mpaka chini ya shamba. Haoni. Jiwe moja ni neno moja lililochanwa kwenye barua, na mimi nahitaji kujua lilichanwa wapi.

Na huko kung'aa kwenyewe hakuna uzito mnaoupa. Ulanga unabanduka kwa ukucha, karatasi kwa karatasi. Pairaiti, yale madini ya njano yanayowadanganya wengi, isugue upande wa nyuma wa kigae cha bafuni, ule usio na rangi: itaacha mstari mweusi, ilhali dhahabu huacha mstari wa njano. Igonge kwa nyundo: pairaiti inavunjika, dhahabu inabonyea. Majaribio hayo mawili utayafanya nyumbani kwako bila kulipa nauli.

Kuna upande wa pili ambao watu hawautarajii. Mwamba wa dhahabu unaochimbwa migodini mara nyingi haung'ai dhahabu hata kidogo. Ukiwa na gramu 5 katika tani nzima, huo ni mwamba mzuri, na jicho halitaona kitu. Mpaka maabara ipime. Pale Geita dhahabu nyingi imeambatana na pairaiti ndani ya miamba yenye matabaka ya chuma. Kwa hiyo pairaiti ya Geita inanifanya niulize maswali, na pairaiti iliyokaa kwenye makaa ya mawe hainishtui. Tofauti ni mahali.

Basi nawasihi, na wanafunzi wangu wameshachoka kunisikia: kabla hujaliinua jiwe, chukua karatasi. Andika kijiji au mtaa, tarehe, kina, na kama jiwe lilikuwa limeshikana na mwamba au limelala tu juu ya udongo. Hilo la mwisho msiliruke. Funga karatasi pamoja na jiwe kwenye mfuko mmoja. Hata kama jibu ni zuri, usianze kuchimba: leseni ya uchimbaji mdogo inatolewa na Tume ya Madini, na kuwa na shamba si kuwa na leseni.

"Nimekutumia picha WhatsApp, angalia tu." Picha haina uzito wala ugumu. Dhahabu ni nzito mara 19 kuliko maji, pairaiti mara 5. Mkono unajua papo hapo, simu haijui.

"Fundi sanifu wa maabara kazi yake kuosha mawe." Hili nimelisikia mpaka kwa watu wa utawala wanaopanga bajeti, na linaniuma. Idara yetu ina wahadhiri wanne na fundi sanifu mmoja, na bila huyo mmoja sisi wanne hatuna cha kufundishia. Anakata jiwe kwa msumeno wa almasi, analigandisha kwenye kioo, kisha analisugua kwa unga wa msasa mpaka unene wa milimita 0.03, mwanga unapita ndani yake. Hapo mwishoni hategemei rula. Analiweka kwenye hadubini na kutazama kwatzi, madini yaliyomo ndani ya jiwe: ikionekana ya njano, bado nene, ikiwa kijivu, ameacha. Akizidisha misuguo michache, jiwe lote limeondoka na maji. Nimemwona akishika pumzi.

"Kisima kikishuka zaidi, maji yanakuwa matamu." Inategemea umesimama wapi. Kimbiji, upande wa Kigamboni, kuna maji mazuri chini sana. Karibu na ufukwe, maji yasiyo na chumvi yanaelea juu ya maji ya chumvi, na ukishuka au ukivuta kwa pupa, chumvi inapanda. Pima chumvi wakati kisima kinachimbwa, usisubiri kulipia mita ya mwisho.

"Mlijua tetemeko linakuja, mkakaa kimya." Usiku wa tarehe 12 Agosti 2020, tetemeko la ukubwa wa 6.0 baharini liliwatoa watu ghorofani hapa mjini, na kesho yake simu yangu haikupoa. Hakuna mtu duniani anayeweza kutaja siku na saa. Tunaweza kusema eneo lipi liko hatarini zaidi, na nyumba ijengweje.

"Ziara za mafunzo ni matembezi." Njooni siku moja. Wanafunzi wanapanda makorongo na nyundo tangu asubuhi, na dereva wetu, aliyezunguka na idara miaka mingi, ndiye anayejua korongo lipi limefunikwa na mvua za mwaka jana na mwamba gani bado uko wazi. Jioni kila mfuko unakaguliwa. Jiwe lisilo na karatasi fundi halipokei, hata liwe zuri namna gani. Nyuma ya maabara, chini ya mwembe, kuna lundo la mawe hayo. Mengine yana fuwele nzuri kuliko zilizo kabatini, na hakuna mhadhiri anayeweza kuyatumia, kwa sababu hakuna anayejua yalitoka wapi.