Mkoko wa mataruma nao unahitaji kibali

Malalamiko ya mafundi wa majahazi Lamu yamezidi, na mengi huanza hivi: sisi watu wa misitu ndio tulioua ufundi wa Matondoni, kijiji cha waunda majahazi. Tuseme ukweli, hata usiotupendeza. Serikali ilipopiga marufuku uuzaji wa boriti za mkoko nchi za nje mwaka 1982, jahazi lilipoteza shehena, na bila shehena nani ataagiza jahazi jipya? Marufuku ya ukataji miti ya Februari 2018 iliwakuta mafundi wamekwisha pungua. Lakini malori, injini na mashua za faiba hazikutoka ofisini kwetu.

Tena jahazi si mkoko mtupu. Mkuku (uti wa chini wa chombo) na mbao hutoka miti ya nchi kavu kama mbambakofi. Mkoko, hasa mlilana, ni wa mataruma, yaani mbavu za chombo, kwa kuwa fundi hutafuta tawi lililojipinda lenyewe. Hapo pana utata, nakiri. Madaraja yetu hupima kipenyo cha mti ulionyooka: pau sentimita 4 hadi 7.9, mazio 8 hadi 11.4, boriti kuanzia 11.5, na hesabu ni kwa korija, miti 20. Taruma halikai vizuri humo. Basi andika kwenye ombi kwamba unataka mataruma, ya mti gani, mangapi, na ya chombo gani. Usiandike “boriti” halafu ukutwe na matawi yaliyopinda.

Ombi hupelekwa kituo cha misitu kabla ya kukata. Narudia: kabla. Utaonyeshwa eneo, miti itahesabiwa, utalipa kwa eCitizen, mtandao wa huduma za serikali, na kuweka stakabadhi. Kusafirisha kuna kibali chake. Cha kukata hakitoshi, na hili tumelieleza gatini mpaka tumechoka.

Mikoko ni hifadhi ya serikali tangu 1932, kwa hivyo “babu yangu alikata hapa” haikuokoi mahakamani (huenda babu naye alikata hifadhini). Chini ya Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Misitu ya 2016, kukata bila kibali ni faini isiyopungua shilingi 100,000, au kifungo, au vyote viwili. Miti yenyewe na vifaa vilivyotumika vyaweza kutwaliwa kwa amri ya mahakama.

Anayebadilisha mataruma mawili matatu ya mashua kuukuu ana ombi dogo. Hata hivyo alilete.