Sanduku la minyoo shuleni huuawa na shibe

Ninapoanzisha shuleni sanduku la minyoo, lile la kugeuza mabaki ya chakula kuwa mboji, kikwazo cha kwanza ni jina. Ukisimama mbele ya watoto wa darasa la tatu ukatamka "minyoo", nusu yao wanashika matumbo na kuuliza kama watapewa dawa. Kwa hiyo mimi huanza na mnyoo mmoja kwenye kiganja kilicholowana, napita naye dawati hadi dawati. Huyu, nawaambia, anaishi kwenye majani yanayooza. Tumbo la mtu halimhusu. Wapo wanaomwita nyungunyungu, na hapo nawatofautishia: yule mnene wa shambani anayechimba chini, ukimfungia sandukuni hadumu. Tunayemtaka ni mwekundu, mwembamba, wa kukaa juujuu penye mabaki. Jina lake la kitaalamu ni Eisenia fetida.

Sanduku lenyewe ni kazi ya saa moja. Tafuta kontena la plastiki lisilopitisha mwanga, lenye mfuniko, pana kuliko kina chake. Kina cha sentimita 30 hadi 40 kinatosha. Toboa matundu ya hewa pembeni, karibu na juu, na mengine kwenye kitako ya kutolea maji. Lipandishe juu ya matofali, uweke trei chini yake. Likae kivulini, kwani minyoo hawa hustawi kwenye nyuzijoto 15 hadi 25, na zikifika 35 wanakufa. Lisikae mahali panapogongwagongwa. Mwanasayansi Charles Darwin aliwapigia minyoo piano wala hawakujali, lakini alipoweka vyungu vyao juu ya piano hiyohiyo na kubonyeza sauti moja, walirudi mashimoni papo hapo. Sauti hawaisikii, mtikisiko wanauhisi.

Kwenye matandiko ya kuwalaza minyoo, waachie watoto wenyewe. Wachane katoni na karatasi chakavu, waloweke, wakamue. Kipimo ni ngumi: ukifinya kwa nguvu yatoke matone mawili matatu, yasichuruzike. Mnyoo anapumua kwa ngozi, kwa hiyo matandiko yakikauka anakosa pumzi, na yakijaa maji hewa inakwisha. Kisha wanyunyizie kiganja cha udongo wenye mchanga. Mnyoo hana meno. Ana firigisi kama kuku, na chembe za mchanga ndizo zinazomsagia chakula. Nimesahauliwa jina na wanafunzi wengi, lakini firigisi hawaisahau.

Sasa kwenye shibe. Sijawahi kuona sanduku la shule lililokufa kwa njaa. Kuna mahali nililiacha Ijumaa likiwa zima, Jumatatu napigiwa simu: "Mwalimu, minyoo wako wanatoroka." Nilipofika, mfuniko ulikuwa umejaa minyoo kwa ndani, wamejisokota kama uzi uliovurugika. Wikiendi kulikuwa na sherehe, na watoto, kwa moyo mweupe kabisa, walimwaga ndoo mbili za maganda ya matunda. Niliingiza mkono: joto kama la chai iliyoanza kupoa, harufu ya pombe. Chakula kingi kikioza kwa pamoja kinachemka na kumaliza hewa. Tulitoa karibu chote, tukachanganya katoni kavu, tukaacha wazi chini ya taa, maana minyoo hukimbia mwanga na kurudi chini. Wengi walipona.

Tangu hapo sianzishi sanduku bila zamu. Wanafunzi wawili kwa wiki, kopo moja dogo, daftari moja. Kwa nusu kilo ya minyoo naanza na robo kilo ya mabaki mara mbili kwa wiki, hata kama utasoma kwamba wanaweza kula nusu ya uzito wao kila siku. Wanaweza, wakishazoea. Sanduku tunaligawa pembe nne kwa vijiti. Kabla ya kufukia chakula pembe ya pili, fukua ya kwanza. Ukikuta maganda bado yanatambulika, funika uondoke. Chakula kifukiwe kila mara, la sivyo vijinzi vitajaa darasani. Nyama, maziwa, mafuta na chumvi ni marufuku. Machungwa na vitunguu kidogo sana. Maganda ya mayai yaliyosagwa yanakaribishwa.

Likizo huwatia walimu wasiwasi bure. Kwa wiki tatu au nne, lisha mara moja, ongeza katoni nyingi zilizolowekwa na kukamuliwa, funga. Watakula matandiko.

Baada ya miezi mitatu hadi minne, mwaga kila kitu kwenye turubai juani na ufanye vichuguu vidogo. Minyoo wanazama kukimbia mwanga, nawe unakwangua mboji nyeusi juu, unasubiri kidogo, unakwangua tena. Hapo ndipo watoto wanapokuta vifuko vya mayai: umbo la limau, vidogo kuliko punje ya mchele, rangi ya manjano inayogeuka hudhurungi. Kila kimoja hutoa minyoo wawili au watatu baada ya wiki tatu hivi, kwa hiyo vinarudishwa sandukuni vyote.

Wiki ya kwanza kwenye matandiko mapya hakuna kulisha. Ninalisema hilo mara tatu, na bado hakosi mmoja anayekuja na ganda la ndizi kalificha mgongoni.