Hapa hatumtulizi mtu

Jumamosi iliyopita imetokea tena. Tulikuwa katikati ya mazoezi ya kidumbak, taarab ile ya mitaani ya ngoma ndogo, kwenye kikundi chetu cha watu wenye ulemavu wa akili na usonji. Kijana wetu wa sanduku, lile besi la uzi mmoja, ndiyo kwanza ameupata mwendo, akaingia bwana mmoja wa makamo aliyeletwa na mzazi aje atuone. Alisimama mlangoni nyimbo nzima. Ilipokwisha akanipa mkono, akanambia kwa upole kabisa: "Mashaallah, mwalimu. Kazi ya thawabu hii. Angalau watoto wanatulia."

"Mtoto" aliyekuwa akimtazama ana miaka 34 na ndevu. Na hakuwa ametulia hata kidogo. Fulana imemganda mgongoni kwa jasho, fimbo ya sanduku ameikaba, macho yote kwa mpiga kidumbak akingoja pa kuingilia.

Mgeni ni mgeni, nikashukuru nikampa kiti. Lakini neno hilo nalisikia mwaka wa 11 huu, kwa wazazi, kwa masheha, kwa walimu wa skuli, kwa watu wa miradi, na kwa madaktari wawili. Unawatuliza. Unawashughulisha. Unawaliwaza. Leo naliandikia.

Neno taarab tumelipata kwa Waarabu, tarab, ile hali ya mtu kupandwa na hisia kwa muziki mpaka akashindwa kujizuia. Ndiyo maana watu huinuka vitini wakaenda kumtunza mwimbaji, noti mkononi, machozi yanawatoka. Hakuna aendaye kwenye taarab ili apoe. Mwimbaji wetu Bi Kidude, aliyetutoka Aprili 2013, alipiga ngoma ya msondo mpaka uzeeni, na sijapata kumsikia mtu wa Unguja akisema afadhali bibi ametulia. Sasa kwa nini mwenye ulemavu wa akili, mwenye usonji, mwenye sindromu ya Down, akishika ngoma hiyo hiyo, maana yake inageuka ghafla ikawa dawa ya usingizi?

Sisemi kwamba tiba haipo. Tiba ya muziki ni taaluma ya watu. Wanaisomea, wanaweka shabaha, wanapima mgonjwa alianza wapi na amefika wapi. Nawaheshimu. Mimi sikuisomea. Mimi ni mwalimu wa ngoma na rangi, na wanaokuja kwangu hawaji kutibiwa. Wako wanaotoka wamechangamka, wako wanaotoka wamechoka, na wako wanaotoka wameghadhibika kwa sababu kitu hakikuwa walivyotaka. Mama mmoja wa Jang'ombe alinipigia simu saa tano usiku: mwanawe halali, anapiga pigo la mazoezini kwenye ubao wa kitanda. Nilimpa pole kwa usingizi wake. Lakini pigo lile tulikuwa tumelihangaikia wiki saba bila ya kukaa, na usiku ule, nikilisikiliza kwenye simu, lilikuwa limekaa. Kijana yule ngoma ilikuwa imemwingia, kama inavyomwingia mpigaji yeyote.

Mambo ya usalama niyaseme haraka. Mwenye Down hapinduki kichwa chini wala hakunjwi shingo mpaka daktari athibitishe kuwa shingo yake ni imara, maana kwa baadhi yao pingili za juu hulegea. Moyo wake uwe umepimwa. Karibu nusu yao huzaliwa na hitilafu ya moyo. Taa za kumetameta zisiwashwe karibu na mwenye kifafa. Mwenye usonji asikalishwe mbele ya spika. Asiyeyajua haya asianze.

Sasa niingie kwenye linalonikera zaidi ya neno lile.

Tunaye kijana mwenye usonji anayechora boti. Kila kikao ni boti, madirisha 14, pua imeelekea kulia. Watu huniambia, huo ndio ugonjwa wenyewe, mwalimu, mtoe huko. Mwaka wa kwanza niliwasikiliza. Nikampeleka nje, nikamwonyesha mwembe, nikamwambia achore mwembe. Akachora mwembe wenye madirisha 14. Siku moja nikatandaza sakafuni michoro yake kama 30 hivi ili ikauke, ndipo nikaona nilichokuwa sikioni: boti ni moja, lakini maji hayafanani hata mara moja. Kuna maji ya kusi, kuna maji yaliyolala kama shuka, kuna maji yaliyopigwa mistari mifupi mifupi mpaka karatasi imekaribia kutoboka. Kijana alikuwa akichora bahari muda wote huo, na mimi nikihesabu madirisha.

Nendeni Mji Mkongwe mkaangalie milango. Mnyororo ule ule kwenye fremu, yungiyungi lile lile, samaki yule yule, mlango baada ya mlango, kizazi baada ya kizazi. Fundi aliyerudia ua moja umri wake wote tunamwita fundi. Anayesuka ukili anarudia mkunjo mmoja toka asubuhi hadi alasiri, na mkeka wake tunaukalia na kuusifu. Kurudia hakujawa maradhi mpaka arudie mwenye usonji.

Desemba 2025 kule Uingereza tuzo ya Turner, ambayo ni kubwa mno kwa wasanii wa nchi ile, alipewa Nnena Kalu, mzaliwa wa Glasgow kwa wazazi wa Kinigeria, mwenye usonji na ulemavu wa akili, mtu wa maneno machache. Kazi yake ni kufunga na kuviringisha, vitambaa, kanda, kamba, tabaka juu ya tabaka, na kuchora mizunguko mikubwa kwa mkono unaokwenda na kurudi, kwenda na kurudi. Ni wa kwanza mwenye ulemavu wa aina yake kuipata. Nawaomba mshike jambo moja: yuko na ActionSpace, karakana ya London ya wasanii wenye ulemavu wa akili, tangu 1999. Miaka 26.

Marekani alikuwapo Judith Scott, mwenye Down, kiziwi, aliyefungiwa kwenye nyumba za kulelea walemavu miaka kama 35. Mwaka 1987 pacha wake alimpeleka kwenye Creative Growth, kituo cha sanaa cha watu wenye ulemavu mjini Oakland. Karibu miaka miwili hakuvutika na chochote alichopewa; si rangi, si penseli. Kisha akakutana na nyuzi. Tangu hapo hadi alipofariki mwaka 2005 alikuwa akifunga vitu kwa nyuzi, maumbo makubwa kumshinda yeye, na leo yako kwenye majumba ya makumbusho. Kwetu mradi hupewa miezi sita, na mwezi wa tatu anakuja mtu na fomu kuuliza matokeo. Kwa fomu ile, Judith Scott angeandikwa hana kipaji, akarudishwa nyumbani.

Na tukifika kwenye fomu na matokeo, ndipo linapokuja la mkono.

Nenda kwenye maonesho yoyote ya kazi za wenye ulemavu wa akili, utaona maua yamekaa sawa, kitalu kimepakwa bila ya kuvuka mstari, chini pameandikwa jina la kijana. Ukiwahi kusimamia meza ya rangi, unajua pale pale: mkono ule haukuwa peke yake. Msaidizi alimshika kijana kiganja akampeleka. Alifanya hivyo kwa mapenzi, mzazi afurahi, mfadhili apige picha. Lakini kilichotundikwa ukutani ni mchoro wa msaidizi. Halafu mgeni anakuja kuniuliza, kwa sauti ya chini, ni wao kweli waliochora? Na mimi nabeba shaka ya kazi ambayo sikuifanya.

Sheria yetu ni fupi: shika karatasi, usishike mkono. Ubao unafungwa mezani kwa utepe wa gundi ili usikimbie. Brashi inazungushiwa mpira wa ndani wa baiskeli mpaka unene wake umtoshe mwenye mtindio wa ubongo kuikamata. Kopo la rangi linakaa upande ambao mkono wake unafika. Ukishauliza swali, nyamaza, uhesabu kimoyomoyo hadi 20, maana jibu liko njiani na wewe ukisema tena unalirudisha lilikotoka. Wasaidizi wapya huhesabu wakafika saba, wakashindwa kungoja, wakajibu wenyewe. Hilo ndilo ninalolifundisha kwa muda mrefu kuliko ngoma, na ndilo gumu.

Ila hata sheria hiyo haijanipa usalama. Nikimwekea mtu rangi mbili achague, nimeshamchagulia zile nyingine zote. Tunaye dada ambaye kwa miezi tulisema anapenda nyekundu, hadi msaidizi mmoja akabadilisha makopo na kuona kwamba anachukua la kulia, liwe na rangi yoyote. Mpiga cherewa wetu, vile vyombo vya kutikisa, anacheka sana jukwaani. Mamake anasema ni furaha, mimi baadhi ya siku naona ni woga. Nampandisha kwa sababu akiulizwa anaitikia ndiyo, lakini yeye huitikia ndiyo kwa kila kitu. Vitabu vinasema pata ridhaa, kisha vinaendelea na sura inayofuata.

Makofi nayo. Tarehe 3 Disemba, siku ya watu wenye ulemavu, tunaalikwa. Watu wanapiga makofi hatujaanza. Tukikosea, makofi, tukipatia, makofi yale yale. Kijana wa sanduku anajua tofauti. Mwaka mmoja alishuka jukwaani akanambia, "Tumeharibu, na wao wanashangilia," akakataa kula chakula. Siku ile ile kundi la taarab lililotufuata lililipwa, sisi tukapewa juisi na biskuti. Niliuliza sababu, nikajibiwa kwamba vijana wetu wamekuja kufurahi. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, unasema kwenye ibara ya 30 kwamba wapewe nafasi ya kukuza na kutumia vipaji vyao, si kwa faida yao tu, bali pia kwa kuitajirisha jamii. Maana yake wao wanatoa kitu. Anayetoa kitu analipwa. Kule Geelong, Australia, kipo kikundi cha tamthilia kinachoitwa Back to Back, waigizaji wake ni watu wenye ulemavu, wengi wao wa akili. Mwaka 2022 kilishinda tuzo ya kimataifa ya Ibsen na mwaka 2024 tuzo ya Simba wa Dhahabu kule Venice. Hawakupewa biskuti. Tangu mwaka ule wa juisi na biskuti, nikialikwa nauliza kwanza malipo ni kiasi gani, na mialiko imepungua.

Kuna jambo moja nimelikosea mwenyewe. Binti mmoja kutoka Pemba, anayeishi kwa shangazi yake hapa mjini, anapaka buluu. Anaanza juu, anashuka, anarudi, anasugua, mpaka karatasi inalainika na kuchanika, kisha anaikunja na kuitia chini ya kiti. Katikati ya safari hiyo, kama robo saa toka aanze, inakuwa nzuri ya kukusimamisha. Nikawa namwahi hapo. Naichukua, nampa karatasi mpya. Tuliuza nne, pesa tukampa shangazi yake. Wiki ya tano alikuja akakaa, hakugusa brashi, wala ya sita. Ilinichukua muda kukubali kwamba nilikuwa nikimnyang'anya kazi ambayo haijakwisha na kuiita imekwisha kwa sababu macho yangu yameridhika. Sikumshika mkono, ni kweli, lakini nilikuwa nimemwamulia mwisho, na anayeamua mwisho wa kazi ndiye mwenye kazi.

Sasa hakuna anayeichukua. Shangazi amenuna, maana karatasi zilizochanika haziuziki, na pesa ile ilikuwa ikinunua dawa. Siwezi kumwambia hana haki. Wenzangu wawili wanaona nimekwenda mbali mno, kwamba hata fundi mkubwa huwa na mtu wa kumwambia basi, tosha. Huenda ni kweli.

Tukajaribu kingine. Tulipata kipande cha tanga kuukuu kwa fundi wa ngalawa, kitambaa kizito, nikakipigilia kwenye fremu na kumwekea. Hakichaniki. Mara ya kwanza alikisugua saa nzima, akakitazama, akakinusa, akaondoka. Leo ni wiki ya tatu yuko juu ya kitambaa hicho hicho, na buluu imeanza kuwa nyeusi kwenye pembe moja. Nilimuuliza, imekwisha? Nikahesabu hadi 20. Akachovya brashi.