The Avengers ya Uingereza: Yanayosemwa na Yaliyokuwa

Ukitaja The Avengers leo, wengi wanawaza Iron Man na Thor. Hao ni wa Marvel, na hawahusiani kabisa na tamthilia ya kijasusi ya Uingereza iliyoanza kurushwa na kituo cha televisheni cha ITV Januari 1961, zaidi ya miaka miwili kabla ya toleo la kwanza la katuni za Marvel zenye jina hilo. Filamu ya Marvel ya 2012 ilipofika Uingereza ikaitwa Avengers Assemble, watu wasichanganye mambo.

Wengine husema John Steed, bwana wa kofia ya duara na mwavuli, alikuwa mhusika mkuu tangu mwanzo. Sivyo. Mkuu alikuwa Dk. David Keel, aliyeigizwa na Ian Hendry, daktari ambaye mchumba wake aliuawa na genge la dawa za kulevya. Steed wa Patrick Macnee alikuwa wa pili, na hadithi zilikuwa za uhalifu mzito. Roboti wauaji na mmea unaomeza watu vilikuja baadaye. Msimu huo wa kwanza ulikuwa na vipindi 26. Vilivyosalia vikiwa kamili ni 3 tu.

Dhana inayoniuma zaidi ni kwamba Emma Peel ndiye mwanamke wa kwanza kupigana bega kwa bega na Steed. Diana Rigg, aliyemwigiza, alistahili sifa zake zote, lakini aliingia 1965. Njia ilifunguliwa 1962 na Honor Blackman akiwa Cathy Gale. Hendry alikuwa ameondoka, na baadhi ya miswada iliyoandikwa kwa ajili ya daktari mwanamume akapewa yeye, karibu bila kubadilishwa neno. Ndiyo maana Cathy habembelezi mtu wala hangoji kuokolewa. Judo yake ilikuwa ya kweli: katika kipindi cha Mandrake, 1964, alipokuwa akipigana makaburini na mwanamieleka Jackie Pallo, Pallo alizimia kwelikweli. Hata yale mavazi ya ngozi yalianza naye, kwa kuwa nguo za kawaida zilichanika wakati wa mapigano. Kwenye hadithi Cathy ni mjane wa mkulima aliyeuawa Kenya wakati wa Mau Mau. Msomaji Mkenya ana haki ya kukunja uso hapo, maana simulizi linamlilia mlowezi peke yake.

Je, Steed hakuwahi kushika bunduki? Alishika, vipindi vya mwanzo. Baadaye Macnee, aliyepigana Vita vya Pili vya Dunia akiwa mwanamaji, alizikataa. Mwavuli ukatosha.

Na msidhani umaarufu ulimtajirisha Rigg. Aligundua kwamba mpiga kamera analipwa zaidi yake, akadai nyongeza hadharani, magazeti yakamwita mpenda pesa. Alipata nyongeza, na bado akaondoka.